Hodi ya Nne

Biryogo, jioni ya kuamkia safari yako

Hidaya, mwanangu,

Sikuulizi hali, maana saa tisa tumekunywa chai pamoja, na mandazi umekula matatu huku ukisema huna njaa. Wala sina haja ya kukueleza kwamba mimi mzima. Umenisikia mwenyewe nikigombana na yule mteja wa suruali mpaka majirani wakachungulia. Sasa umekwenda Kicukiro kumuaga shangazi yako Saada. Mimi nimefunga duka mapema, nimesukuma cherehani pembeni, nimechukua daftari la vipimo na ninaandika kwenye kurasa zake za nyuma. Ukiona alama za chaki ya bluu ukingoni, usishangae.

Mambo ya safari sitayagusa. Pasipoti ikae wapi, maji uchemshe vipi, usipokee mzigo wa mtu kwenye basi: hayo yote shangazi yako anakuambia hivi sasa, tena kwa mara ya tano, nawe unaitikia "ndiyo shangazi" huku macho yako kwenye simu. Mimi nina jambo moja tu. Katika filamu yako uliniuliza swali, nikajibu kwa utani, watu wakacheka. Kesho asubuhi unapanda basi la Nairobi kwenda kusomea hiyo kazi yako ya filamu, miaka mitatu, na sitaki uvuke mpaka ukiwa umebeba ule utani kama ndilo jibu langu.

Nianze na filamu yenyewe, kwa sababu bila ile filamu nisingekuwa na ujasiri wa kuandika hata mstari.

Ulikuja dukani na wenzako wanne na kamera ya kuazima. Ukasema, "Baba, tunatengeneza filamu ya kuchekesha. Ni ya mnyonya damu anayelea mtoto wa kike." Nikasema astaghfirullah, hivi Kigali nzima hakuna watu wa kawaida wa kupigwa picha? Ukacheka. Ulichotaka kwangu ni joho tu, refu, jeusi, lenye kola ya kusimama. Nikalishona kwa bitana iliyobaki kwenye makoti ya harusi. Nilidhani kazi yangu imeishia hapo. Kumbe yule kijana wa kuigiza baba akapata kazi ya kulipwa huko Musanze, akaenda, simu akazima. Mkageuka wote mkanitazama mimi.

Rafiki yako Ange ndiye aliyesema, "Muzee, weye iko na sura yake kabisa."

"Sura ya nani?"

"Ya mutu hajalala myaka mia mbili."

Hiyo ndiyo heshima ya watoto wa siku hizi. Lakini nikavaa joho.

Nikikumbuka siku zile nacheka peke yangu hapa. Taa hamkuwa nazo, kwa hiyo mnyonya damu asiyevumilia jua akaigizwa mchana kweupe, chini ya mwavuli wa maua wa shangazi yako. Chonge mlinichongea kutoka kwenye hanga nyeupe ya plastiki ya kutundikia nguo, na kila nikizivaa maneno yangu yote yanatoka na upepo. Kuhusu damu mliniuliza kama mtu mzima: Mwislamu akigeuka mnyonya damu anakunywa nini, na damu ni haramu? Nikawaambia basi atakunywa juisi ya ibinyomoro, yale matunda mekundu, atakonda, na atalalamika. Ukaandika palepale. Nilikunywa ile juisi siku tatu mfululizo, mwanangu, tumbo langu halitaisahau. Na Bi Zaina wa nyumba ya tatu, aliposikia mtaa una mumiani, akawafungia wajukuu ndani siku mbili. Siku ya tatu akaja amejifunga kanga mpya, akauliza kama nafasi ya kuigiza bado ipo.

Halafu ukanieleza ile sheria yao, kwamba mnyonya damu hawezi kuingia nyumba ya mtu mpaka akaribishwe. Nikakuambia, loo, kama ni hivyo Biryogo angenenepa! Hapa ukisema hodi, mtu anaitika karibu kabla hajainua kichwa kwenye sufuria. Mtoza kodi, mwizi, mumiani, wote karibu. Ukapiga makofi. Ndipo likatoka lile tukio la baba anayepita vichochoro na mwavuli wake, kila mlango karibu, kila mlango chai, mpaka nyumba ya tano ameshiba hawezi kuruka. Mimi niliona ni mzaha mtupu. Sikujua unaelekea wapi.

Nilijua siku mliponipeleka Kicukiro, kwenye geti la shangazi yako.

Ulilala chini kifudifudi na kamera, upande wa ndani, mimi nje. Nikauliza unafanya nini humo vumbini. Ukasema, "Napiga viatu vyako tu, Baba. Vinaonekana chini ya geti. Simama, halafu geuka uondoke." Nikasimama. Nikageuka. Ukasema, "Tena, polepole zaidi. Ulikuwa unasimama muda mrefu zaidi ya hapo."

Ulikuwa unasimama. Ulisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi. Wenzako hawakusikia kitu. Mimi nilisikia: hiyo haikuwa habari ya mnyonya damu. Miaka yote ile nilidhani hakuna aliyeniona.

Baadaye mkanitia kigauni mkononi, kile ambacho katika filamu baba anampelekea binti yake aliyeshakuwa mkubwa, na binti anamvalisha kuku. Cha njano, chenye kola nyeupe. Nikaitambua kola. Fundi hawezi kusahau mshono wake. Kona moja niliishona vibaya nikaifumua nikaishona upya, na alama za sindano bado zipo. Ulikuwa umekitunza.

Kisha likaja lile tukio lenyewe. Geti linafunguka, Ange aliyeigiza binti yangu anauliza, "Kwa nini ulikuwa huingii?" Mimi nasema, "Sikukaribishwa." Naye anasema, "Hukubisha hodi." Baada ya hapo, kwenye karatasi yangu palikuwa peupe. Nikakuuliza, huyu baba anajibu nini? Ukainua mabega. "Mimi sijui, Baba. Sema chochote kitakachokuja."

Ulisubiri. Kamera inawaka, Ange ananitazama, wewe umekaza macho kwenye kile kioo kidogo. Nami nikasema, na chonge zangu mdomoni, "Nilipotea njia."

Wote mkaangua kicheko. Nawe ulicheka, lakini ulikawia kidogo kuanza. Ukasema, "Haya, hiyo nzuri, tumemaliza." Hukuniuliza tena mpaka leo.

Sikupotea njia, Hidaya. Njia naijua mpaka leo nikifumba macho.

Mama yako alipofariki ulikuwa na miaka saba. Huyo Mwajuma alikuwa mtu wa kicheko, wewe unakumbuka kidogo, mimi nakumbuka chote. Baada ya matanga nilikupeleka kwa dada yangu Saada nikamwambia wiki mbili tu, niweke nyumba sawa. Wewe ulikuwa umebeba mfuko wenye nguo na kiatu kimoja, kingine tulikisahau. Ukaniuliza, "Baba, wiki mbili ni kulala mara ngapi?" Nikakuhesabia kwenye vidole vyako, mikono miwili haikutosha, ukaongeza vidole vyangu.

Wiki mbili zilipotimia nilikuja. Niliingia siku hiyo, hiyo moja tu. Ulikuwa umeketi mlangoni na mfuko wako tayari, umevaa viatu vyote viwili. Nikasema bado kidogo. Hukulia. Ungelia pengine mambo yangekuwa mengine. Ulishusha ule mfuko begani, ukaenda kuuweka chumbani, ukarudi ukaniletea maji ya kunywa kama mgeni. Nilikunywa yale maji, nikaondoka.

Mara zilizofuata ndizo ulizoziona kwa viatu. Nilikuwa nakuja karibu kila mwezi. Pikipiki inanishusha njia panda ya Sonatubes, kwa sababu nilitaka kutembea kipande kilichobaki ili nipange maneno. Nafika getini, maneno nimeyapanga, na ndani nakusikia unacheka na watoto wa shangazi yako. Kicheko kile kile cha mama yako, Hidaya, kinaanzia juu kinashuka. Nasimama. Nasema moyoni, akiniona atauliza tunaenda lini, na sina siku ya kumtajia. Nasema, mwache, amezoea, usimtibue. Halafu nageuka, naacha kifurushi kwenye duka la mama yake Ange pale kona, narudi kuchukua pikipiki.

Siku moja huyo mama alinishika mkono. "Muzee, weye kila mara unafika, unarudi. Iko shida gani mule ndani? Iko imbwa?"

Nikasema ndiyo, kuna mbwa. Mana yanjye! Shangazi yako hajawahi kufuga hata paka.

Watu wa hapa Biryogo niliwaambia nina kazi nyingi. Wakaniamini, fundi kweli ana kazi nyingi, hasa kabla ya Idi. Shangazi yako nikamwambia nyumba haifai mtoto wa kike bila mwanamke ndani. Naye aliniamini kwa muda, halafu akaacha kuniamini, ila akaendelea kukulisha na kukusuka na kukupeleka madrasa. Nitakushukuru sana ukimbusu mkono leo. Mimi namshukuru kila siku na bado naona haya kumtazama usoni.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Usitafute kitu kikubwa zaidi ya hapo, hakipo. Niliogopa mtoto wa miaka saba aliyeniletea maji. Nilijua kumshonea mtu yeyote nguo yoyote, lakini sikujua kumsuka mtoto, sikujua kumbembeleza, na nilidhani nikikukosea wewe nitakuwa nimemkosea na Mwajuma aliyenikabidhi. Na niseme hata lile baya zaidi. Nikikusikia unacheka kule ndani, kuna kipande changu kilichofurahi kupata sababu ya kurudi. Nilikuwa nasema, si unaona, yuko salama bila mimi. Nikishalisema hilo njia ya kurudi inakuwa nyepesi. Hilo ndilo ninalolijutia kuliko yote, ule wepesi.

Na zile nguo. Ukurasa wako uko humuhumu kwenye daftari hili: Hidaya, kifua, kiuno, bega, urefu. Nilikupima ukiwa na miaka saba, mama yako akiwa amekushika usichezecheze. Miaka mitano nilikushonea kwa vipimo hivyohivyo, kila mara naongeza kidogo kwa kukisia. Mimi, ambaye mteja akinitumia vipimo kwa simu namwambia aje mwenyewe, mwili haukisiwi! Nilimkisia mtoto wangu. Mabega yako yalinizidi maarifa, nguo zote zikawa za kubana. Uliponiandikia kwenye filamu baba anayempelekea binti mkubwa kigauni cha mtoto, watu walidhani ni kichekesho cha mnyonya damu asiyejua kuzeeka. Mimi nilijua umeandika daftari langu.

Sasa hili nalo ulijue kutoka upande wangu. Ilikuwa Alhamisi, kama adhuhuri hivi. Nilikuwa nimeinamia cherehani, nashona pindo la gauni la bibi harusi, kitambaa cha kuteleza. Nikasikia hodi. Nikasema karibu bila kuinua kichwa. Nikasema, "Unashona nini, mama?" Nilidhani mteja.

Ukasema, "Nataka kupimwa."

Nikainua kichwa. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, mrefu, umevaa sare ya shule, na ule mfuko begani. Ulikuja peke yako kutoka Kicukiro, umeulizia njia kwa wenye maduka mpaka kwangu. Na mimi nilikuita mama, nikakuuliza unashona nini.

Hukukasirika. Ulinyoosha mikono pembeni kama wateja wanavyofanya, ukangoja. Nikachukua utepe. Bega, nikasahau tarakimu, nikapima tena. Kifua. Kiuno. Nilipoinama kupima urefu nikabaki palepale chini kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka yakudondokee viatuni. Ukauliza, "Baba, zimetoka ngapi?" Nikasema subiri, macho yangu siku hizi hayaoni vizuri. Ukasema, "Andika basi usisahau." Nikaandika. Ukurasa mpya, huu hapa, herufi zimepinda.

Tangu siku ile hukuondoka. Nikajifunza kusuka kwa kukuharibu kichwa, ukaenda shule na mistari iliyopotoka kama vichochoro vyetu, ukawaambia wenzako ni mtindo mpya. Nikajifunza kunyamaza ukiwa na hasira na kuongea ukiwa na huzuni, mara nyingi nikachanganya. Ulinivumilia. Miaka kumi, Hidaya. Nimekuwa baba miaka kumi kwa sababu mtoto wa miaka kumi na miwili alifanya kazi iliyokuwa yangu: alishika njia, akafika mlangoni, akabisha. Asante. Sijawahi kukuambia asante kwa hilo, nimekuambia asante kwa chai tu na kwa kunitilia uzi kwenye sindano.

Na asante kwa filamu. Siku ya kuionyesha, pale kwenye ukumbi wa shule, nilikaa nyuma kabisa karibu na mlango, tayari kutoroka. Nilikushonea pazia la kuonyeshea kwa kuunga mashuka mawili, na mshono ukapita katikati ya pua yangu filamu nzima. Yampayinka, pua gani ile! Watu walicheka mwavuli, wakacheka juisi, wakamcheka kuku mwenye kola. Kisha vikaja viatu chini ya geti. Walikuwa wamekaa na mnyonya damu saa nzima wakimcheka, na sasa mama mmoja mbele yangu akanong'ona, "Ingia basi, masikini." Alikuwa ananiambia mimi bila kujua nipo nyuma yake.

Ulikuwa na haki ya kunitengeneza mbaya. Kamera ilikuwa yako, kalamu yako, na ushahidi wote ulikuwa nao. Ukanitengeneza mtu wa kuchekesha ambaye watu wanataka aingie ndani. Halafu mwishoni binti akasema, "Haya, karibu Baba, chai inapoa," nami nikaingia nikajikwaa kwenye joho langu, wakapiga makofi. Nilishukuru, mwanangu, nilishukuru sana.

Lakini nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na kitu kinanisumbua, na nimekijua leo tu, nikiwa hapa na daftari. Katika filamu yako binti anamkaribisha baba ambaye hakubisha. Dukani, wewe ndiye uliyebisha. Kila mara wewe. Mimi sijawahi.

Sikukushonea nguo ya safari. Najua ulitegemea, nilikuona ukitupia jicho kwenye meza ya kukatia. Umepungua tangu mitihani, utaongezeka ukizoea chakula cha huko, na mimi kukisia nimeacha. Nitakuja Nairobi na utepe mfukoni. Sijui lini, kabla ya Idi pengine, nikimaliza kazi za watu. Utakuwa na chumba chako na mlango wako, na mimi nitatembea kipande cha mwisho kwa miguu, lakini safari hii bila kupanga maneno.

Unakumbuka nilivyokufundisha ukiwa mdogo, kwamba hodi ni tatu, ukikosa jibu unageuka unaondoka, ndiyo adabu. Uwe darasani, uwe umelala, uwe una hasira na mimi kwa haya niliyoandika, una haki nayo, sitakuharakisha. Utaona viatu vyangu chini ya mlango. Nitabisha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Adabu nitaivunja siku hiyo, mama, unisamehe. Nitabisha ya nne.

Baba yako